Mchezo Unaotafuta Kiwanja: Kandanda ya Kiaustralia Ng'ambo ya Bahari

Mpira wa miguu umekwisha kujijengea makao duniani kote. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lima au Oslo atakuta huko kiwanja kile kile cha mstatili alichokiacha nyumbani, chenye magoli yale yale na mistari ile ile. Lakini uko mchezo mwingine ambao, kila uvukapo bahari, hukabiliwa kwanza na swali la makao: utachezewa wapi? Mchezo huo ni kandanda ya Kiaustralia, ambayo katika miji ya Melbourne, Adelaide na Perth hupendwa kuliko michezo mingine yote, na ambayo nje ya nchi yake bado haijapata nafasi kubwa.

Katika makala haya tutaeleza kwa nini ni vigumu kuupatia mchezo huu kiwanja katika nchi za kigeni, na ni njia zipi zimetumika kuitatua shida hiyo. Jambo hili si la wanamichezo peke yao. Ndani yake mna jiometri, elimu ya udongo na elimu ya hewa, pamoja na historia ya dola la Kiingereza. Tena mna funzo kwa yeyote anayechukua kitu kilichostawi mahali pamoja na kutaka kukipanda mahali pengine.

KIWANJA KILICHORITHIWA

Asili ya tatizo ni namna mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Mwezi Julai 1858, mcheza kriketi mashuhuri wa jimbo la Victoria aitwaye Tom Wills aliandika barua katika gazeti moja la Melbourne. Alishauri kwamba wacheza kriketi waanzishe klabu ya kandanda, ili miili yao isilegee wakati wa majira ya baridi ambapo kriketi haichezwi. Tarehe 17 Mei 1859 klabu ya Melbourne iliandika kanuni za kwanza. Katika kanuni hizo umbali baina ya magoli haukutajwa kwa tarakimu. Manahodha wa pande mbili waliachiwa kukubaliana wenyewe kabla ya kuanza.

Hapo mwanzo mchezo ulichezwa katika bustani za mji, baadaye ukahamia katika viwanja vya kriketi, ambavyo wakati wa baridi vilikuwa havina kazi. Viwanja hivyo vilikuwa vya duara au vya umbo la yai. Kwa hiyo mchezo ulikua ukijipatanisha na umbo hilo, kama mmea ukuavyo kwa kufuata umbo la chungu ulichopandwa. Hata leo kanuni haziweki kipimo kimoja. Huruhusu kiwanja chenye urefu wa mita 135 hadi 185, na upana wa mita 110 hadi 155. Viwanja viwili vya ligi kuu vyaweza kutofautiana sana, na vyote viwili vikawa halali.

Msomaji asiyeujua mchezo huu na afahamu mambo machache. Kila upande huwa na wachezaji 18 uwanjani kwa wakati mmoja. Kila mwisho wa kiwanja husimamishwa nguzo nne katika mstari mmoja, zikiachana kwa mita 6.4. Mpira, ambao nao una umbo la yai, ukipigwa kwa mguu na kupita baina ya nguzo mbili za katikati, ni goli lenye pointi 6. Ukipita pembeni mwa nguzo hizo, ni pointi 1. Mchezaji aweza kuukimbiza mpira mikononi, lakini hana budi kuudundisha au kuugusisha chini kila baada ya mita 15. Hakuna kanuni ya kuotea, kwa hiyo wachezaji hutawanyika kokote wapendako. Mchezo wa namna hiyo wahitaji nafasi kubwa.

HESABU YA NAFASI

Ukubwa wa nafasi hiyo twaweza kuukokotoa. Tuchukue kiwanja cha wastani, chenye umbo la duaradufu, urefu wake mita 150 na upana mita 120. Eneo la duaradufu hupatikana kwa kuzidisha nusu ya urefu kwa nusu ya upana, kisha kwa pai, yaani 3.14. Jawabu ni kiasi cha mita za mraba 14,137. Tukiligawa eneo hilo kwa wachezaji wote 36, kila mmoja atapata karibu mita za mraba 393.

Sasa tutazame kiwanja cha kawaida cha mpira wa miguu, chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Eneo lake ni mita za mraba 7,140, yaani karibu nusu tu ya lile la kwanza. Wachezaji wake 22 hupata mita za mraba 325 kila mmoja. Lakini tukiwaingiza humo wachezaji 36 wa Kiaustralia, kila mmoja atabakiwa na mita za mraba 198. Mpira utanaswa katika kundi la watu, wala hapatakuwa na nafasi ya mbio wala ya pasi ndefu.

Urefu nao haufai. Wapigaji hodari wa mchezo huu hufunga goli wakiwa umbali wa mita 50, na ndiyo maana katika viwanja vya ligi kuu huchorwa tao la mita 50 mbele ya kila goli. Katika kiwanja chenye urefu wa mita 105, matao hayo mawili yangekaribia kugusana. Mchezaji aliyesimama katikati kabisa angekuwa mita 52 na nusu tu kutoka goli la wapinzani. Kazi yote ya kuupeleka mpira mbele hatua kwa hatua, ambayo ndiyo moyo wa mchezo, ingepotea.

VIWANJA VYA WENYEJI VYAPIMWA

Klabu au chama kinachotafuta mahali pa kuchezea ng'ambo hukuta viwanja vya aina nyingi, navyo hufaa kwa viwango mbalimbali.

Viwanja vya riadha huonekana kufaa kwa macho, kwani ncha zake ni za mviringo. Lakini njia ya mbio ya mita 400 iliyojengwa kwa vipimo vya kawaida huzunguka eneo lenye urefu wa mita 157 na upana wa mita 73 tu. Hata tukiifunika kwa nyasi njia yenyewe yenye safu nane, upana utafika mita 92 na nusu, nao bado haufikii mita 110. Urefu watosha, upana hautoshi.

Viwanja vya besiboli, vinavyopatikana kwa wingi Marekani na Japani, vina umbo la upepo wa kupepea. Kutoka kwa mpigaji hadi ukingo wa mbali kabisa wa katikati ni kama mita 122 katika viwanja vingi vikubwa, na ndani yake mna eneo la udongo mtupu pamoja na kichuguu cha mrushaji chenye kimo cha sentimita 25. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 timu za Victoria zilicheza michezo ya maonyesho katika uwanja wa besiboli wa Yokohama. Mwaka 1987 timu nyingine zilicheza ndani ya uwanja uliofunikwa wa BC Place, mjini Vancouver, uliojengwa kwa ajili ya kandanda ya Kikanada, ambayo kiwanja chake kina upana wa mita 59 tu. Watazamaji walifurahi, lakini mchezo waliouona ulikuwa umebanwa.

Huko Ireland viko viwanja vya kandanda ya Kigaeli, vyenye urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90. Urefu wake wakaribia kutosha, lakini umbo ni mstatili. Waireland na Waaustralia walitumia akili nyingine: waliunda mchezo wa mchanganyiko, wenye kanuni za pande zote mbili na mpira wa duara, na mfululizo wa michezo yao ya kimataifa ulianza mwaka 1984.

Kiwanja cha polo, kwa upande mwingine, kina nafasi ya kutosha na kubaki. Urefu wake ni kama mita 274 na upana usiopungua mita 146. Lakini kwato za farasi huchimba ardhi, tena si kila mji una watu wanaocheza polo.

Kinachofaa kupita vyote ni kiwanja cha kriketi. Katika michezo ya kimataifa ya kriketi mpaka wa kiwanja huwekwa baina ya mita 59 na mita 82 kutoka katikati. Kipenyo chake basi ni kiasi cha mita 118 hadi 164, nacho chaingia vizuri katika vipimo vya Kiaustralia. Kwa sababu hiyo ramani ya viwanja vinavyofaa ng'ambo ni karibu sawa na ramani ya nchi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza: Nyuzilandi, Afrika Kusini, Bara Hindi, visiwa vya Karibi, hata Afrika Mashariki. Uwanja wa klabu ya Gymkhana mjini Nairobi, ambapo Kenya iliishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, ni wa ukoo huo huo.

ARDHI YENYEWE

Kipimo kikikubali, bado ardhi yaweza kukataa. Kriketi huchezwa juu ya ukanda ulio katikati ya kiwanja, wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3. Udongo wake ni wa mfinyanzi, ulioshindiliwa kwa gogo zito mpaka ukawa mgumu. Mtunza kiwanja huulea kwa miezi mingi, naye hapendi kuona watu 36 wenye viatu vya njumu wakiukanyaga. Wachezaji nao huumia wakiangukia juu yake. Katika viwanja vikubwa vya Australia tatizo hili liliondolewa kwa kuotesha ukanda wa kriketi ndani ya trei kubwa nje ya kiwanja, kisha kuuingiza majira ya kriketi na kuuondoa majira ya kandanda. Klabu ndogo ya ng'ambo haiwezi kumudu gharama kama hizo.

Jambo la pili ni mdundo. Kwa kuwa mchezaji hulazimika kuudundisha mpira wenye umbo la yai huku akikimbia, kiwanja chenye mashimo humsaliti. Mpira ukigusa chini kwa ncha yake hurudi mkononi. Ukigusa kwa ubavu huenda pembeni. Tofauti ndogo ya usawa wa ardhi hubadili kabisa uelekeo wake.

Mfano wa ajabu ni kisiwa cha Nauru, katika bahari ya Pasifiki. Eneo lake lote ni kilometa za mraba 21, na sehemu kubwa ya katikati imechimbwa ili kupata fosfeti. Hata hivyo kandanda ya Kiaustralia ndiyo mchezo wa taifa. Kiwanja chao mashuhuri, Linkbelt Oval, hakina nyasi. Ni vumbi na changarawe ya fosfeti. Anayeanguka huinuka na michubuko. Lakini mchezo umestawi hapo kuliko katika miji mingi yenye nyasi za kupendeza, na hilo latuonyesha kwamba ubora wa kiwanja si jambo la pekee. Wananchi wenye kuupenda mchezo, na wenye kiwanja ambacho hakuna wa kuwafukuza, hushinda upungufu mwingi.

KALENDA, UPEPO NA KIMO

Huenda msomaji akasema: basi waende Uingereza, ambako viwanja vya kriketi ni vingi. Hapo ndipo kalenda inapoingia. Australia iko kusini ya Ikweta, na ligi yake huchezwa kuanzia Machi hadi Septemba, yaani wakati wa vuli na baridi ya kwao. Lakini miezi hiyo Uingereza ni masika na kiangazi, msimu wa kriketi wenyewe, na viwanja havina nafasi. Ndiyo maana michezo ya maonyesho katika uwanja wa The Oval, London, kama vile ya mwaka 1972 na 1987, ilichezwa mwezi Oktoba, misimu yote miwili ilipokwisha. Hata mchezo maarufu wa askari wa Kiaustralia waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani Ufaransa ulichezwa tarehe 28 Oktoba 1916, katika viwanja vya Queen's Club mjini humo, mbele ya watazamaji wapatao 3,000. Mchezo wa Oktoba hauwezi kuwa wa ligi. Ni karamu baada ya mavuno.

Nchi iliyo kusini ya Ikweta haina kikwazo hicho. Ndiyo sababu mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuchezwa nje ya Australia ulifanyika Wellington, Nyuzilandi, tarehe 25 Aprili 2013, baina ya klabu za St Kilda na Sydney. Uwanja wa mji huo, uliofunguliwa mwaka 2000, ulijengwa kwa umbo la duara ili raga na kriketi zote zipate nafasi, na mwezi Aprili kriketi huwa inakwisha. Watazamaji 22,546 walihudhuria. St Kilda ilirudi huko mwaka 2014 na 2015. Shida ya Wellington ni upepo wa Mlangobahari wa Cook, ambao huusukuma mpira wa juu nje ya njia yake.

Hewa yenyewe nayo hubadili mchezo. Mwezi Februari 2008 klabu za Carlton na Fremantle zilikutana Centurion, Afrika Kusini, katika uwanja wa kriketi ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani, na nguvu ya hewa inayouzuia mpira hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mpira huruka mbali zaidi, lakini mkimbiaji hupata oksijeni kidogo katika kila pumzi. Mwaka huo huo klabu za Adelaide na Collingwood zilicheza katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Februari ni miongoni mwa miezi michache yenye hali ya hewa inayovumilika kwa mchezo wa mbio nyingi.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanywa China, nchi isiyo na urithi wa kriketi. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, mchezo mmoja wa ligi kuu kila mwaka ulichezwa katika uwanja wa Jiangwan, mjini Shanghai, uliojengwa katika miaka ya 1930. Mwaka wa kwanza walifika watazamaji 10,118, wengi wao wakiwa Waaustralia waliosafiri au waliokuwa wakiishi Asia. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliisimamisha safari hiyo. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mchezo wa siku moja katika uwanja wa kuazima huacha picha na kumbukumbu, lakini siku ya pili watoto wa mji ule hawana mahali pa kuurudia.

KUPUNGUZA WATU AU KUUNGANISHA VIWANJA

Kwa hiyo matumaini ya mchezo huu ng'ambo yamo zaidi mikononi mwa klabu ndogo za wenyeji kuliko katika michezo mikubwa ya maonyesho. Klabu hizo hufuata njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupunguza wachezaji ili kiwanja kidogo kitoshe. Tuirudie hesabu yetu. Tukitaka kila mchezaji apate zile mita za mraba 393 katika kiwanja cha mpira wa miguu chenye mita za mraba 7,140, tutahitaji wachezaji 18 tu, yaani 9 kwa kila upande. Na kwa kweli katika mashindano ya Kombe la Ulaya, yaliyoanza mwaka 2005, timu huwa na wachezaji 9. Ligi kuu ya Australia yenyewe ilijaribu mchezo wa wachezaji wachache katika kiwanja cha mstatili mwaka 2018 na 2019, kisha ikauacha. Huko nyumbani watu walikuwa na viwanja vikubwa, hawakuona haja ya kupunguziwa. Lakini kwa kijana wa Ulaya mchezo wa watu 9 si mzaha; ndio mlango wake wa kuingilia.

Njia ya pili ni kuunganisha viwanja. Katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Ulaya mna mabustani makubwa yenye viwanja viwili vya mpira wa miguu vilivyolala ubavu kwa ubavu. Mita 68 mara mbili, pamoja na nafasi ya mita 4 baina yake, ni mita 140; na upande wa pili ni mita 105. Duaradufu itakayochorwa humo itakidhi kipimo cha urefu, na itapungukiwa na mita 5 tu za upana. Kilichobaki ni kuondoa magoli, na kupata kibali cha halmashauri ya mji.

Kuichora duaradufu hiyo ni kazi rahisi, na msomaji aweza kuijaribu katika kiwanja cha shule akiwa na kamba na vigingi viwili. Kwa kiwanja cha mita 150 kwa 120, vigingi hupigwa katika mstari wa urefu, kila kimoja mita 45 kutoka katikati. Kamba yenye urefu wa mita 150 hufungwa ncha zake katika vigingi hivyo. Mtu mmoja huivuta kwa fimbo mpaka inyooke pande zote mbili, kisha huzunguka akichora chini, bila kuilegeza. Atakaporudi alipoanzia, kiwanja kitakuwa tayari. Siri yake ni kwamba jumla ya umbali kutoka kila nukta ya mstari hadi vigingi viwili haibadiliki kamwe. Shule isiyo na nafasi igawe vipimo vyote kwa 5: kamba ya mita 30, na vigingi viachane kwa mita 18.

MWISHO

Tumeona kwamba kiwanja si ardhi tupu. Kiwanja cha kandanda ya Kiaustralia kimebeba ndani yake historia ya kriketi, majira ya kusini mwa dunia, na uwezo wa mguu wa mwanadamu kuupiga mpira mita 50. Mchezo ukihamishwa bila mambo hayo, hauna budi ama kutafuta mahali panapofanana na kwao, ama kukubali kupunguzwa. Njia ya kwanza huhifadhi sura yake, lakini huufunga katika nchi chache na siku chache. Njia ya pili huubadili sura, lakini huuwezesha kuchezwa kila Jumamosi na watu wa mahali pale.

Mustakabali wake ng'ambo basi hautaamuliwa na ukubwa wa uwanja utakaokodiwa kwa siku moja. Utaamuliwa na swali dogo zaidi: je, jioni ya kesho, vijana wanane au tisa wenye mpira mmoja watapata mahali pa kuchezea bila kufukuzwa? Watu wa Nauru, juu ya changarawe yao, wamekwisha kulijibu.